Basi Ambalo Sikulipanda

Mama yangu ameishi mtaa wa Tassia, Nairobi, miaka mingi, chini kabisa ya njia ya ndege, na akianika nguo juu ya paa la ploti, jengo letu la vyumba vya kupanga, huziona zikipita na matumbo yao wazi. Kwa ujuzi huo alinikataza kuzipanda. Chombo ambacho kikiharibika hakina pa kuegeshwa, alisema, si cha mtoto wake. Mabasi yanayopita malori kwenye kona hakuwa na neno nayo.

Basi kazi iliponipeleka Lodwar na mwajiri akanikatia tiketi ya kurudi kwa ndege ndogo, nilimdanganya. Jioni ya kuamkia safari nilimpigia nikamwambia nimeshapanda basi, nikamtajia ni lipi na litafika saa ngapi, nikazima simu.

Tulikuwa abiria kumi na mmoja. Asubuhi, tulipokaribia kutua Nairobi, upepo mkali ulitushika ubavuni, ndege ikawa inashuka kombo kama mbuzi anayevutwa kwa kamba asikotaka. Tairi moja likagusa lami, sote tukapiga makofi. Mama mmoja wa kanisa, aliyeketi mbele yangu, akasema tushukuru kwanza, nasi kwa adabu zetu tukafungua mikanda ili tuinamishe vichwa vizuri. Ndege ilikuwa bado inakimbia. Hajafika kwenye amina, upepo ukainua bawa, tukatoka nje ya lami, gurudumu la mbele likavunjika na sisi tukarundikana juu ya mwenye maombi.

Niliogopa, tena sana. Nilichoona akilini ni polisi wakimpelekea mama habari, naye akiwajibu kwa upole kwamba wamekosea nyumba, mtoto wake yuko kwenye basi.

Hakuna aliyekufa. Nilitambaa hadi kwenye nyasi, damu ikinichuruzika usoni, nikawasha simu. Ikalia papo hapo. Namba ilikuwa ya mama, lakini sauti ilikuwa ya kijana.

"Niaje, boss. Mimi ni konda wa ile basi ya Lodwar. Mathe yako amekuja kukupokea, amesimama kwa mlango, amekataa gari itoke steji mpaka tumpatie mtoto wake. Tumemshow hukupanda. Anasema wewe huwezi mdanganya."

Nikaomba nizungumze naye.

"Uko wapi?" akauliza mama. "Nimeangalia kila kiti."

"Nilipanda ndege, mama. Imeanguka wakati wa kutua. Mimi ni mzima."

Niliona aibu kuliko maumivu. Kisha nikamsikia akimwambia konda, kwa sauti ndogo ambayo sikuijua, "Nisamehe, mwanangu. Ni mimi nimekosa. Endeni tu."

Ndege ameisamehe kabisa, na safari za angani sasa ananiruhusu bila swali. Ila nikimwambia niko kwenye basi, huniomba nimpe kondakta simu.