Ufunguo wa Zamani wa Tarishi

Kila asubuhi akitoka nyumbani alifunga mlango, akaenda mpaka getini, kisha akarudi kukitikisa kitasa. Mumewe, fundi wa majokofu, alikuwa ameshazoea. Alisimama na mkoba wa vifaa begani akimngoja.

"Haya, umeshamuaga mlango? Twende."

Alicheka, lakini hakuona haya. Mungu alimuumba hivyo, mtu wa kuhakikisha. Ndiyo maana kazini walimwita Bi Kufuli, na jina likamkaa kama gauni lililopimwa mwilini.

Kazi yake ilikuwa ya funguo, ila si za chuma. Aliajiriwa kwenye maabara ya kupima damu, jengo la ghorofa moja lenye viti vya plastiki mapokezini na harufu ya spiriti inayokufuata mpaka kwenye ngazi. Mtu akishatolewa damu huenda zake nyumbani, na majibu yakiwa tayari hupata ujumbe kwenye simu. Ujumbe huo hautumwi na mtu. Hutumwa na programu waliyoipa jina la Tarishi. Ilikuwepo nyingine, Mtunzaji, iliyohifadhi majibu ya wagonjwa. Watumishi hawa wasio na sura hawakukaa pale jengoni. Waliishi kwenye kompyuta za kukodi zilizo mbali, ambazo watu wa kazi ile huziita wingu, ingawa ziko chini kabisa, kwenye nyumba yenye kuta na walinzi kama nyumba nyingine.

Sasa mtumishi asiye na sura utamtambuaje? Kwa ufunguo wake. Kila programu ilikuwa na akaunti yake na neno refu la siri, herufi na namba zimevurugwa kama mtoto amekalia kibodi. Tarishi akienda kwa Mtunzaji kuchukua majibu huonyesha ufunguo, anafunguliwa. Na yeyote atakayekwenda na ufunguo ule ule, awe nani awe nani, atafunguliwa vilevile, na kumbukumbu zitaandika kwamba aliyeingia ni Tarishi. Hilo ndilo lililomkosesha Bi Kufuli raha.

Walioziona funguo hizo walikuwa watatu. Wa kwanza yeye. Wa pili fundi wa kompyuta waliyemwita Mrefu, ambaye kimo chake kiliishia begani kwa Bi Kufuli. Wa tatu ni wifi yake, mke wa mdogo wake wa kiume. Kazi pale Bi Kufuli mwenyewe ndiye aliyemwombea. Alimsimamia mbele ya bosi akasema, huyu ni wetu, nikimwamini mimi mwaminini na ninyi.

Shida ilianzia mapokezini. Baba mmoja alikuja asubuhi na hasira zake, kofia mkononi.

"Mtoto wangu ana homa, daktari anasubiri majibu yenu! Jana mliniambia asubuhi ujumbe utafika. Asubuhi gani hiyo, ya kwenu au ya kwetu?"

Bi Kufuli alipanda ofisini akafungua kumbukumbu. Majibu ya mtoto yalikuwa tayari tangu mapema. Tarishi alikuwa ameyapanga kwenye foleni pamoja na ya wengine, kisha foleni nzima ikasimamishwa, na baada ya kitambo ikaachiwa. Aliyeisimamisha? Kumbukumbu zikasema: Tarishi mwenyewe. Kutoka wapi? Ndani ya jengo hili.

Akasoma tena. Tarishi haishi ndani ya jengo hili. Na tarishi gani anayejikamata mkono mwenyewe?

Akarudi nyuma kuangalia siku zilizopita, akakuta mchezo ni ule ule. Kila asubuhi foleni husimama kidogo, halafu huendelea. Kuna mtu alikuwa anajivika nguo za Tarishi.

 Alitengeneza ufunguo mpya, akauingiza peke yake, akahakikisha kila kompyuta ya kule mbali imeupokea. Kisha akawatangazia wenzake wawili, kama utaratibu wao ulivyokuwa, kwamba ufunguo wa Tarishi umebadilishwa na wa zamani utaachwa hai wiki moja. Waliuacha hivyo siku zote, kwa kuwa huenda kuna kazi iliyosahauliwa mahali bado inautumia, na ukiuua ghafla, kazi hiyo nayo inakufa. Katika wiki hiyo hakuna aliyewahi kuuangalia ule wa zamani. Ni kama nguo uliyokwisha kuitoa uigawe.

Safari hii Bi Kufuli aliuangalia. Na kesho yake asubuhi, wakati programu zote zinatumia mpya, ule wa zamani ukabisha hodi.

Alikwenda kwa bosi, daktari mwenye maabara, mama mnene asiyependa maneno mengi. Bosi akavua miwani.

"Kuna watu huko nje wananunua habari za wagonjwa. Nani ana ugonjwa gani, nani ana mimba. Unalijua hilo?"

"Nalijua, bosi."

"Basi uue ufunguo huo sasa hivi."

"Nikiuua atajua tumemshtukia, atatafuta njia nyingine. Niachie mpaka Ijumaa."

"Ijumaa nataka mtu. Awe nani, anatoka hapa na polisi. Hata kama ni wewe."

Tangu hapo kila kitu kilimnukia vibaya. Mrefu alipopiga mluzi kwenye korido alijiuliza, mtu asiye na la kuficha anapigaje mluzi asubuhi yote hii? Alipoacha kupiga akajiuliza, ameacha kwa nini? Mrefu alikuwa amenunua viatu vipya, vya ngozi, vyenye kulia.

"Viatu vizuri," Bi Kufuli alimwambia.

"Ahsante."

"Vya bei."

"Bi Kufuli, ukitaka risiti sema, nikuletee na soksi uzikague."

Alimshuku Mrefu kwa nguvu zake zote, na ukweli ni kwamba alimshuku kwa sababu alitaka awe yeye. Wa kumfikiria mwingine moyo wake ulikataa. Lakini macho hayakukataa kuona. Wifi yake siku hizi alipokea simu akiwa nje, karibu na tangi la maji. Alikuwa mcheshi, sasa akawa mtu wa kutabasamu kwa mdomo tu. Bi Kufuli akikaribia, skrini ya kompyuta hubadilika. Na Jumapili, walipokula kwa mdogo wake, simu ya huyo mdogo wake ilipolia mezani, wifi aliitazama kama mtu anayemtazama nyoka.

"Nani?" aliuliza.

"Tangazo tu, la vocha," mumewe akamjibu. Kisha akamgeukia dada yake. "Dada, huyu wifi yako mnamfanyisha kazi gani huko? Mtu anaogopa hata matangazo."

Wote wakacheka. Bi Kufuli alicheka pia, huku akimtazama wifi yake. Ikiwa ni yeye, basi ameniuza mimi niliyemsimamia, na nyumba ya mdogo wangu itavunjika kwa mkono wangu. Alirudi kwake akapiga magoti akaomba. Hakuomba ukweli ujulikane. Aliomba awe Mrefu, na alipogundua anachokiomba akaona haya mbele za Mungu.

Siku moja kabla ya Ijumaa hiyo, aliutegea ule ufunguo wa zamani ili atakapoutumia mtu yeyote simu yake itetemeke. Ilikuwa kama kuacha mlango wa uani wazi, nawe umekaa nyuma yake na kiti. Kisha, saa za foleni zilipokaribia, akamwita Mrefu ofisini kwake, akamwekea chai.

"Chai?" Mrefu aliangalia kikombe, akamwangalia yeye. "Wewe? Kuna nini ndani?"

"Majani na sukari. Kaa."

"Miaka yote hii hujanipa hata maji ya bomba."

"Kaa unywe, bwana wewe, nisije nikabadili nia."

Mrefu akakaa, mikono yote miwili imekumbatia kikombe, mbali na kompyuta yoyote. Simu ya Bi Kufuli ililala mezani kati yao. Ikinyamaza, ni Mrefu. Ikitetemeka, si yeye. Mrefu alikuwa anasimulia habari za mama mwenye nyumba wake anayezima maji kila mpira ukianza, na Bi Kufuli aliitikia "ee, ee" bila kusikia. Nyamaza, aliiomba simu. Nyamaza tu.

Simu ikatetemeka mpaka kijiko kikalia kwenye sahani.

"Pokea basi," alisema Mrefu.

"Siyo ya kupokea." Alisimama.  "Maliza chai yako. Na unisamehe."

"Nikusamehe nini?"

 Alishuka ngazi, akapita mapokezini, ambako yule baba mwenye kofia alikuwa amekaa tena akingoja majibu mengine ya mtoto, akaingia chumba cha nyuma wanakohifadhia karatasi. Wifi yake alikuwa amekaa juu ya boksi, kompyuta mapajani. Hakuruka wala hakufunga skrini. Alimwangalia tu, kisha machozi yakamtoka.

"Wifi," alisema.

"Unamuuzia nani?"

"Nini?"

"Habari za watu! Nani anakulipa? Ni yule unayeongea naye tangini?"

"Naongea na mama yangu mie! Wifi, wallahi sijauza kitu. Nazuia cha kwangu."

Yakatoka yote, nusu kwa kwikwi. Alikuwa amepima damu hapo hapo, kimyakimya. Kwenye fomu, pale penye namba ya simu, mkono ulikwenda wenyewe ukaandika namba ya mumewe, kama anavyoandika kila mahali, benki, shuleni kwa mtoto. Alipokumbuka, fomu ilikuwa imeshaingia. Kuibadilisha kungeacha jina lake kwenye kumbukumbu, na wa kwanza kuuliza angekuwa nani? Si Bi Kufuli? Ndipo akaukumbuka ufunguo wa Tarishi. Kila asubuhi alisimamisha foleni, akaangalia kama majibu yake yamo, asipoyakuta anaachia. Wiki ya ufunguo wa zamani aliijua. Alijua hakuna anayeuangalia.

"Na kwa nini ukasimamisha ya watu wote?"

"Tarishi hajui kumzuia mtu mmoja. Mpaka foleni nzima isimame kwanza, ndipo unaweza kuutoa ujumbe wa mmoja. Hilo unalijua."

Alilijua. Angalau hapo hakudanganywa.

"Kuna baba amekaa pale nje na mtoto mgonjwa nyumbani. Anangoja wewe umalize kuogopa."

Wifi yake akabonyeza, foleni ikaachiwa. Ila ujumbe mmoja aliutoa kando, wa majibu yaliyotoka leo, na Bi Kufuli aliliona jina la wifi pale kwenye skrini, na chini yake mstari wa kufungulia majibu.

"Ni kitu gani hicho ambacho mdogo wangu hatakiwi kukijua?" aliuliza, na sauti ilimtoka kali kuliko alivyotaka. Kichwani mambo yalikuwa yanakimbizana. Ugonjwa. Mimba. Mimba ya nani? Ugonjwa kautoa wapi? Au mdogo wangu ndiye aliyeuleta?

"Fungua usome. Funguo zote si unazo?"

Ilisemwa bila ujeuri, na ndiyo maana ilimchoma. Aliweza. Kubonyeza mara mbili tu, na shaka yote iliyomla wiki nzima ingepata chakula chake. Kidole kilikuwa tayari. Halafu akaona kwamba kama atafungua, watakuwa wawili kwenye chumba kile walioingia kwa mlango usio wao.

Akaifunga kompyuta.

"Majibu yako utakwenda dirishani kuyachukua kwa mkono, kama mgonjwa mwingine. Nitawaambia wayatoe kwenye foleni, hilo ni haki yako. Ungeniambia tangu mwanzo tungelifanya kwa dakika moja. Lakini kwa bosi tunakwenda sasa, wewe na mimi."

"Atanifukuza."

"Labda. Nami nimo. Ufunguo ule niliuacha mimi, na watu wakangoja."

Bosi hakupiga kelele. Kumbukumbu zilionyesha hakuna faili la mtu mwingine lililofunguliwa, na hilo ndilo lililowaepusha na polisi. Wifi aliondolewa kwenye funguo, akapelekwa mapokezini, na kazi yake ya kwanza ikawa kumwomba radhi yule baba. Bi Kufuli alipata onyo la maandishi. Na kuanzia siku hiyo mapokezi walitakiwa kumuuliza kila mtu kwa mdomo, "Namba hii ni ya nani?" Aliyeuliza vizuri kuliko wote alikuwa wifi.

Lakini mambo hayakuishia hapo. Majibu aliyachukua, akayatia kwenye pochi, na Bi Kufuli hakujua ni nini. Aliporudi kula kwa mdogo wake akaona jambo jipya. Sasa aliyekuwa anachunguzwa ni yeye. Akimwangalia wifi tumboni, wifi anatazama pembeni. Akisema, "Kula vizuri, mwili unataka," mkono wa wifi unasimama juu ya sahani.

"Kwa nini umesema hivyo?"

"Nimesema tu."

"Umefungua, eh?"

"Sijafungua."

"Haya."

Hiyo "haya" ilikuwa baridi. Angeapa mpaka asubuhi, isingesaidia. Faili liko kwa Mtunzaji, ufunguo anao, na kwa nini mtu aamini? Yeye mwenyewe, ingekuwa ni mwingine, angeamini? Thubutu.

Jumatatu alimwita Mrefu, akamwita na wifi yake kutoka mapokezini, akakalia kiti cha pembeni badala ya chake.

"Niondoe kwa Mtunzaji," alimwambia Mrefu. "Funguo za programu nibaki nazo nizibadilishe. Mafaili ya watu nisiweze kuyafungua. Bosi ameshakubali."

"Hata ukitaka?"

"Hasa nikitaka. Na utafute kama niliwahi kulifungua la huyu hapa. Msomee."

Mrefu akatafuta, akageuza skrini. Hakukuwa na kitu. Kisha mfumo ukauliza kama ana hakika ya kumwondoa. Bi Kufuli akamwonyesha wifi yake kitufe.

"Bonyeza wewe."

Wifi alisita, akamwangalia usoni, akatafuta mtego. Akabonyeza.

"Bi Kufuli," alisema Mrefu, "leo umejifungia nje mwenyewe."

"Nyamaza. Chai yako ya mwezi huu ulishainywa."

Wifi akacheka, kidogo, lakini kwa meno safari hii. Walipofika kwenye ngazi akamshika mkono.

"Nitamwambia mdogo wako kwanza," alisema. "Halafu wewe."

"Ukitaka."

"Nikitaka."

Akashuka kurudi mapokezini. Bi Kufuli alibaki pale juu, akajaribu kusoma mwendo wake, kama ni wa mtu mgonjwa au wa mjamzito, akashindwa. Akarudi ofisini, akakaa, akajaribu kufungua kwa Mtunzaji. Akakataliwa. Akajaribu tena, kuhakikisha.