Mzazi wa Baharini

Juzi tulikuwa kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika, Rau. Mbele yangu fundi mmoja wa mitambo, aliyerudi likizo kutoka Tanga, alikuwa akisimulia walivyopanda boti kwenda kuwatazama nyangumi.

"Tulimwona jike na mtoto wake mchanga!" Akatanua mikono mpaka akamgonga bibi aliyekuwa nyuma yake. "Samahani, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Kumbe ni mzazi! Mlimpelekea nini?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Kwetu mzazi hatembelewi mikono mitupu. Hata mtori wa ndizi na nyama?"

Fundi akavua kofia. "Hatukupeleka kitu, bibi. Nahodha alizima injini, tukanyamaza wote mpaka mama na mwanawe wakapita."

"Hakuna aliyepiga kelele?"

"Hata mmoja."

"Basi hamkwenda mikono mitupu."

Kicheko kikakatika, nami nikainamia kikapu changu. Nimebeba vyungu vingi vya mtori kwa wazazi, nikakaa ukingoni mwa vitanda vyao nikipiga soga mpaka kitoto kikaamka kinalia. Kimya sijawahi kumpelekea hata mmoja.