Mkate Alioung'ata Mama

Burul alianzisha kile kikundi kwa sababu moja tu, na haikuwa ile aliyomwambia mwalimu mkuu. Mwalimu mkuu aliambiwa mambo ya vijana kusaidiana, wakubwa kuwashika mkono wadogo, kila mtu anajitolea, hakuna anayelipwa. Maneno matamu, akatoa ufunguo wa darasa lenye jiko la makaa. Sababu yenyewe ni kwamba Burul alipokuwa na miaka kumi na miwili alitamani sana kumpata mtu mmoja aliyemzidi umri kidogo, ambaye mama yake naye yuko Moscow, wakae tu pamoja. Hakumpata.

Kijijini kwetu, juu ya mji wa Naryn, ukihesabu nyumba kumi, saba zina bibi na wajukuu, na katikati hamna mtu. Wazazi wako Urusi wanafagia, wanajenga, wanafunga mizigo. Sura zao zinakuja kwenye simu, wenyewe hawaji. Sisemi kwa ubaya, hata wangu wako huko huko.

Gulsun, mama yake Burul, aliondoka binti ana miaka minne. Sasa binti ana ishirini na mbili, anafundisha chekechea. Bibi aliyemlea alifariki majira ya baridi yaliyopita, Mungu amrehemu, akamwachia nyumba na ng'ombe mmoja mkaidi.

Basi akakusanya vijana sita, yeye akiwemo, wote wa hali yake, akawagawia watoto sita. Mwezi mzima aliwanoa wenzake: usimhoji mtoto kama polisi, usimpe mawaidha, fanya naye kazi anayoifanya. Kila Jumapili wanakwenda wote nyumba moja, wanasaidia kazi, kisha chai. Wazee walicheka.

"Watoto wanalea watoto," alisema Bibi Batma. "Na sisi tumekuwa kuni za jikoni?"

Lakini ni yeye huyo huyo aliyekuwa wa kwanza kumleta mjukuu wake, Uulkan, miaka kumi na miwili, mtoto asiyefungua mdomo. Burul akamchukua mwenyewe. Jumapili tatu hakuambulia neno. Ya nne, wanakung'uta mazulia, Uulkan akasema, "Dada, unamwotaga mamako?"

"Namwota. Mgongo tu."

"Hata mimi. Mgongo."

Siku hiyo Burul alirudi nyumbani anaimba njia nzima. Mimi nilimsikia, na sauti yake mbaya.

Jumapili ya tano ikawa zamu ya kwa Bibi Batma. Kubat, mmoja wa vijana wale, mwema lakini mikono haitulii, akakabidhiwa jiko. Burul na bibi wako zizini, Uulkan kaenda mtoni na ndoo. Kubat akaona mfuko wa kitambaa msumarini, ndani yake mkate wa duara, mkavu kama tofali, umeng'atwa ukingoni. Kwetu mkate hautupwi, hata kipande kikianguka kinaokotwa kwa heshima, na Kubat amelelewa vizuri. Akaukatakata, akaulowesha kwenye chai ya maziwa, akatia siagi na chumvi, akawapakulia watoto. Wakala, wakasifia. Uulkan aliporudi akapewa bakuli lake, na kwa baridi ile akalimaliza lote.

Sasa, kwetu pia, mtu akisafiri mbali hung'ata mkate mzima mara moja, na uliobaki hutunzwa mpaka arudi aumalizie; ukiliwa na mwingine, wanasema harudi tena. Msiniulize kama Kubat hakujua. Alijua, kila mtu anajua. Ila kwao wa baba yake uko kabatini, chini ya ufunguo, na huu wa msumarini alidhani ni mtoto tu aliuonja akauacha. Kijana wa miaka ishirini, jamani, na shule kasoma.

Bibi Batma aliingia, akauona mfuko uko mtupu. Hakupiga kelele. Akakaa chini pale pale.

"Nani amemla binti yangu?" aliuliza.

Uulkan akatazama bakuli lake. Akatoka, akatapika nyuma ya zizi, kisha akajifungia chumbani.

Kesho yake adhuhuri kijiji kizima kilikuwa nayo habari. Mabibi wanne wakawatoa wajukuu wao. Mwalimu mkuu akaomba ufunguo wake, kwa upole, macho yake dirishani. Kubat alileta mkate mpya wa moto akaishia mlangoni, Bibi Batma akamuuliza: "Na huu nani kaung'ata, wewe?" Siku ya tatu Uulkan alikuwa bado hataki kula, hasemi.

"Anajua mamake harudi tena," Bibi Batma alimwambia Burul. "Na mkampa aule mwenyewe. Nenda zako, binti."

Burul akaenda zake. Nyumbani, ndani ya sanduku la marehemu bibi yake, kulikuwa na mkate mwingine, wa miaka kumi na minane, umefungwa kwenye skafu, na meno ya Gulsun bado yanaonekana. Utotoni alikuwa akiufungua kwa siri, anaweka kidole pale palipong'atwa. Akaona ampelekee Uulkan, uning'inizwe pale msumarini, mtoto apate cha kungojea. Ila mkate ni wa aliyeung'ata, sharti aombwe. Akapiga simu Moscow. Na tuseme ukweli, hakupiga kuomba ruhusa. Alitaka mama yake akatae. Alitaka aambiwe, usiuguse, nakuja kuumalizia.

Gulsun alipokea akiwa kazini, ghalani, maboksi yanapita nyuma yake.

"Mwanangu. Hujambo? Unakula lakini?"

"Nakula. Mama, kuna mtoto nataka kumpa ule mkate wako."

"Mkate gani?"

"Wa safari. Ulioung'ata."

Gulsun akafikiri. Alifikiri kwa dhati, uso mzima unatafuta.

"Niling'ata mkate? Siku ile basi lilikuwa linaniacha, mwanangu, sikumbuki hata nilivaa nini. Mpe, mpe tu." Mtu akamwita kwa Kirusi. "Nitakupigia baadaye."

Burul akakaa na simu mkononi mpaka ng'ombe akaanza kulalamika. Mkate akaurudisha sandukuni. Akatoka mikono mitupu kurudi kwa Bibi Batma, na bibi, aliyekuwa amejiandaa kumfukuza, alipomwona uso akampisha.

Uulkan kalala, kaelekea ukutani. Burul akakaa sakafuni kando yake. Yale yote aliyowafundisha wenzake yakamtoka kichwani.

"Mkate wa mama yangu upo mzima," alisema. "Miaka kumi na minane, haujaguswa. Leo nimempigia. Hakumbuki kama aliung'ata."

Uulkan aliuuliza ukuta:

"Kwa hiyo si kwa sababu niliula?"

"Si kwa sababu uliula, mdogo wangu."

"Kwa hiyo atakuja?"

"Sijui. Mimi sijui hata wangu."

Uulkan akageuka, akamkagua uso kama mtu anayetafuta uongo. "Dada, wewe bado unamngoja?"

Burul alikuwa na jibu la mtu mzima tayari mdomoni, lile la kiongozi wa kikundi. Halikutoka. "Kila siku," alisema. "Hata nikisikia gari linapunguza mwendo." Halafu akalia, alivyoshindwa kulia hata kwenye mazishi ya bibi yake, mabega yanaruka.

Uulkan akaketi, akavuta blanketi lake, akamfunika nalo nusu, nusu akabaki nayo.

"Nilidhani mtu akikua inaisha," alisema.

"Hata mimi nilidhani hivyo," alisema Burul.