Yamini Niliyolishwa Pongwe

Nakumbuka Alhamisi moja, mwanangu, baada ya alasiri, Zuberi alipotukusanya uani kwake Pongwe. Zuberi alikuwa mwenyekiti wa tawi la chama mtaani petu, na bomba pekee la maji lilikuwa mbele ya nyumba yake, kwa hiyo ukiitwa unakwenda. Mikeka imetandikwa, kahawa ipo, halua ipo. Katikati kaweka kiti, na juu ya kiti msahafu umefunikwa kitambaa cheupe.

Tukadhani ni dua ya kuombea uchaguzi upite salama. Kumbe tumeitwa kula yamini. Kila mwenye kadi ya chama ataje jina lake, aweke mkono, aape kwamba kura yake ya udiwani atampa mtu wa chama, si mwingine.

"Atakayevunja," Zuberi akasema, "asije kulia hapa tumbo likimvimba."

Miye kadi nilikuwa nayo. Nilikatiwa na mume wangu Hamisi, kama anavyoninunulia ndala, bila kuniuliza. Na siku hiyo nilikuwa na mimba changa. Mbili za kabla yake ziliharibika. Mwanamke aliyepitia hayo, mwanangu, hata kukohoa anaogopa. Zamu yangu ilipofika mkono ukagoma. Hamisi akaukamata kifundoni, akaubandika juu ya msahafu mbele ya watu wote, akasema, "Huyu ana haya tu." Wakacheka. Nikatamka.

Nawataja kwa majina yao, Zuberi na Hamisi, wala simwombi mtu radhi. Walinitisha kwa kitu nilichokipenda kuliko roho yangu.

Mtu niliyetaka kumpa kura alikuwa Mama Eliza, Mlutheri, mzaliwa wa kambi ya mkonge, anagombea kwa chama kingine. Mimba yangu ya pili ilipoharibika, yeye ndiye aliyesimama katikati ya barabara akazuia lori ili nifikishwe hospitali mjini, Hamisi yuko barazani kwa Zuberi anacheza bao. Na alichokuwa akikipigania ni zahanati yetu ipate mkunga. Basi nifanyeje? Nikimpa kura, niliamini namuua mwanangu tumboni. Nisipompa, namgeuzia mgongo aliyeniokoa.

Nikaenda kwa Bi Mwanaisha, aliyenisomesha Kurani chuoni utotoni. Shule yenyewe sikufika nayo mbali. Nilimkuta anapepeta mchele.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mbona uso kama umelamba shubiri?"

Nikamweleza yote. Akaweka ungo chini.

"Lini huyo Zuberi kamwajiri Mwenyezi Mungu awe mpambe wake wa kampeni?"

"Lakini Bibi, nimeapa. Msahafu nimeushika."

"Umeshikishwa! Aliyelazimishwa hana yamini. Hilo hata Zuberi nilimsomesha miye, hapahapa, ila alikuwa akisinzia." Kisha akanikazia macho. "Na weye nakulaumu kwa moja. Umemdhania Mungu ana roho kama ya mumeo. Nenda kapige kura yako. Moyo ukikusumbua, lisha masikini iwe kafara, kisha ulale."

Siku ya uchaguzi nikaingia kwenye kituturi cha kupigia kura. Mle ndani hakuna Hamisi, hakuna Zuberi. Nikaweka alama nilipotaka mwenyewe.

Jioni Hamisi akaniuliza, "Umempa nani?"

"Kura ni siri, baba."

"Kwa mume hakuna siri."

"Hii ipo."

Basi, Hamisi akampelekea Zuberi habari, na kule kukataa kusema ndiko kukawa hatia yangu. Mama Eliza alishindwa, tena vibaya, lakini Zuberi alitaka mtu wa kuwatishia wengine. Nikafukuzwa kwenye foleni ya maji. Na tumbo nalo, maana mimba haifichiki, likaanza kutokeza. Wanawake bombani wakiniona napita wakanong'onezana, "Mwaona? Yamini inampanda!" Mmoja wao, Mwanahawa, akaweka ndoo chini. "Enyi, yamini gani hiyo inayopiga mateke?" Wakacheka mpaka maji yakamwagika. Kicheko kile kilinisaidia, lakini usiku nilikuwa nikilishika tumbo nikimsikiliza mtoto kama bado yumo.

Hamisi akanipa talaka. "Nenda kwa huyo uliyempigia kura," akasema. Nikarudi kwa mama yangu Maramba, na huko nikajifungua mtoto wa kike, mzima, ana sauti hata majirani wakaja kuuliza kuna nini. Nilimpakata nikamkagua kidole kwa kidole. Sikuona kasoro. Hofu ilinitoka siku ile, na haijarudi.

Uchungu sijaumaliza, sitakuongopea. Zuberi chama kilipokata jina lake kwenye ugombea, alipanda jukwaani akarudisha kadi, akavishwa fulana ya chama kingine mbele ya kamera. Tumbo lake liko vilevile, la pilau.

Lakini mambo yamegeuka. Juzi hapa Usagara, ninakoishi sasa, vijana wa chama fulani walipita saluni ya jirani, wanataka wasichana waahidi kura huku wanarekodiwa kwa simu. Msusi mmoja, mikono imejaa rasta, hata kichwa hakuinua. "Kaka, sera kwanza. Kiapo namwekea atakayenioa." Nilicheka mpaka machozi. Sisi tulikuwa tunatazama chini.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Chama ukikipenda, chukua kadi, imba, vaa sare, hakuna ubaya. Lakini ukiingia kwenye kituturi umeingia peke yako, na hakuna mwenyekiti, mume, sheikh wala mchungaji mwenye haki ya kukufuata mle. Mtu akikutaka uape, mwulize atakufanyia nini, usikilize jibu. Akikutisha kwa Mungu, jua ameishiwa hoja. Na ukitoka, usilazimike kumwambia yeyote, hata miye.

Mola akukinge na wanaotisha watu kwa jina lake. Akupe uzazi mwema na usingizi mzuri, na akufikishe uzeeni uwasimulie wajukuu habari hizi, wao wasiamini kwamba zilitokea.