Jino Lililonyamaza

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, niliyosimama mbele ya kanisa letu hapa Bulumbi nikatoa ushuhuda ambao mpaka leo nikiufikiria naona haya. Nilisema Mungu ameniponya jino. Watu wakapiga makofi. Mama mkwe wangu, aliyekaa benchi la pili, hakupiga. Aliniangalia tu, kama mtu anayesikiliza chungu jikoni asijue kinachemka au kinaungua.

Lakini ngoja nianzie mbali kidogo. Mimi nilizaliwa Molo, upande wa Tororo, nikaolewa huku nikiwa msichana mdogo bado. Miaka ile nilikuwa nauza miwa mpakani Busia, pale malori yanapopanga foleni kungoja karatasi. Namenya, nakata vipande, natia kwenye mifuko. Vilivyobaki jioni navitafuna mwenyewe njiani. Na chai yangu ya chupa, yenye sukari mpaka kijiko kisimame, nilikuwa nainywa kidogo kidogo kutwa nzima. Kupiga mswaki nilipiga asubuhi tu, tena nikikumbuka.

Tundu likaanza kwenye jino la nyuma. Maji baridi yakawa yanachoma, nyama inanasa. Nikajizoeza kutafunia upande wa pili. Mama mkwe aliliona siku moja nilipokuwa nacheka, akaniambia niende likazibwe lingali dogo. Nikaitika kwa heshima, ndiyo mama, na sikwenda. Usipoziba ufa utajenga ukuta: methali hiyo niliijua tangu shule, ila nilidhani inahusu nyumba.

Maumivu yalipokuja, mwanangu, yalinichanganya akili. Asubuhi yako chini, mchana yamepanda juu, jioni yameingia sikioni na nusu ya kichwa. Nikishika shavu, sijui nashika wapi. Na penye wengi pana mengi. Dereva mmoja aliniambia nichovye pamba kwenye petroli. Mama wa mahindi akasema kuna mdudu ndani, nivute moshi wa mbegu atoke. Jirani akasema niponde kidonge nikipake kwenye ufizi. Kila mmoja alisema kwa uhakika, kila mmoja ana ndugu aliyepona. Nikafanya yote. Petroli ikaniunguza ulimi, moshi ukanitoa machozi, ufizi ukababuka ukawa mweupe. Mwishowe nikawa sijui lipi ni jino na lipi ni dawa.

Ndipo nikamwendea mtu mmoja sokoni aliyekuwa aking'oa meno kwa koleo, amekaa kwenye kigoda. Hakuwa mganga wa hospitali. Akaniuliza ni lipi. Siku hiyo maumivu yalikuwa yamepanda, nikamwonyesha la juu. Akavuta. Sitakueleza alivyovuta. Lilipotoka akaligeuza mkononi, akaligeuza tena.

"Dada, hili mbona halina tundu?" akasema.

"Sasa umeling'oa kwa nini?"

"Si wewe umenionyesha?"

Maji yakimwagika hayazoleki. Nilirudi nyumbani na pengo la jino zima, na maumivu yangu yaleyale. Siku tatu zilipita hivyo. Nilimnyonyesha mtoto wangu wa kwanza huku machozi yananidondoka, naye ananishangaa.

Jumamosi nikaamka, hakuna kitu. Nikagusa kwa ulimi, kimya. Nikanywa maji baridi kwa kujaribu, kimya. Nilikaa pale mlangoni nikawaza: ni petroli? Ni moshi? Ni lile jino la juu ndilo lililokuwa na kosa, ila lilichelewa kukubali? Sikujua nimshukuru nani, nikaona bora nimshukuru Mungu, maana kwake shukrani haipotei. Hivyo ndivyo nilivyosimama kesho yake kanisani.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Jumanne shavu likaanza kuvimba. Jumatano jicho limefumba, homa imepanda, mdomo haufunguki hata kuingiza kijiko cha uji. Mtoto akilia, nashindwa kumbembeleza kwa sauti. Nilichokuwa nawaza ni kwamba Mungu amebadili mawazo, na sikuelewa nimemkosea nini kati ya Jumapili na Jumatano. Mume wangu akataka turudi kwa yule mwenye koleo. Mama mkwe akasema hapana. Akamfunga mtoto mgongoni mwake, akanitoa nyumbani, tukaenda Tororo hospitali.

Mganga wa meno alikuwa mama mmoja mpole, mikono yake imekauka kwa kunawa. Aliniuliza kama lilikuwa linauma sana kisha likaacha lenyewe. Nikaitika kwa kichwa. Akagonga meno ya chini moja moja, taratibu, kwa mpini wa kijichuma. Alipofika la nyuma nilitaka kuruka kitini.

"Ni hili hapa," akasema. "Halikupona. Lilikufa."

Akanieleza pole pole. Maumivu ya jino la chini yanaweza kupanda juu au kwenda sikioni, ndiyo maana nilimwonyesha yule mtu jino lisilo na hatia. Mdudu hayumo. Sukari inayokaa kwenye meno kutwa ndiyo inayoyaoza. Uozo ukifika kwenye mshipa wa ndani, jino hulia. Mshipa ukishakufa, hunyamaza. Lakini chini yake hukusanyika usaha, na huo ndio uliokuwa unashuka kuelekea kooni, na ningengoja siku nyingine pengine nisingeweza kupumua. Wakanichoma sindano, wakatoa usaha, wakaling'oa lile bovu, wakanipa dawa na kuniagiza nizimalize zote hata nikijisikia mzima.

Siku ya pili nilipoweza kusema, nikamwuliza mama mkwe lililokuwa linanisumbua. "Mama, nilidanganya kanisani?"

Alikuwa anambadilisha mtoto nepi. Akamaliza kumfunga kwanza.

"Hukudanganya, hukujua," akasema. "Uliona moto haupo jikoni, ukashukuru. Kumbe umepanda kwenye nyasi za paa. Lakini mimi nilijua, mwanangu, maana tundu nililiona na hukuliziba. Nilikaa benchini nikajua, nikaogopa kukuaibisha mbele za watu. Nisamehe. Na wewe, ukiambiwa jambo, usiitike ndiyo ya kunyamazisha mkubwa."

Nimekaripiwa mara nyingi maishani. Hakuna karipio lililoniingia kama hilo, lililoanza kwa kuniomba msamaha.

Jumapili iliyofuata nilisimama tena, shavu bado zito, nikaeleza yote, pamoja na petroli. Watu wengine walipiga makofi, wengine hawakujua wapige au walie, na mchungaji akasita asijue aanzishe wimbo gani. Lakini ibada ilipokwisha, wanawake watatu walinifuata uani wakafungua vinywa nione.

Basi sikia, mwanangu, kabla hujaondoka. Piga mswaki asubuhi na kabla ya kulala, kwa dawa ya meno yenye floraidi, uteme bila kusukutua sana. Mtoto umpigie wewe mpaka mkono wake uwe na akili. Kitamu ukile pamoja na chakula, usikipe meno kutwa nzima. Jino likichoma kwa baridi, usingoje, nenda likazibwe. Tundu dogo huzibika, kubwa hung'olewa. Likiuma kabla hujafika hospitali, sukutua maji vuguvugu yenye chumvi na umeze dawa ya maumivu kama ulivyoelekezwa. Umeze, usiipake kwenye ufizi. Petroli iache iendeshe magari. Jino likinyamaza ghafla, usifurahi, nenda likaangaliwe. Na ukiona uvimbe, homa, au mdomo hauachami, nenda siku hiyohiyo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Na ukimwona mwenzako anashangilia kitu unachojua kitamdhuru, mwambie, hata kama watu wanapiga makofi.

Mungu akujalie uzee wa kutafuna mahindi ya kuchoma, watu wa kukwambia kweli wasikuogope, na sikio la kuwasikia mapema. Nenda salama, mwanangu.