Uso Juu ya Ndege

Kazi yangu ni kuamua kitufe kikae wapi kwenye simu, kiwe na rangi gani, na ukikigusa kikuambie nini. Ofisi yetu iko Thika, juu ya duka la vipuri, na app tuliyokuwa tunatengeneza ilikuwa ya kufuatilia ndege. Unaandika namba ya ndege, unaiona ikitembea kwenye ramani, basi. Mkubwa wetu akasema hiyo haitoshi. Watu hawana haja na ndege, wana haja na watu wao. Akataka mtu aweke picha ya msafiri wake, na ile picha ikae juu ya ndege isafiri nayo.

Nilikataa. Nilimwambia sisi tunajua ndege iko wapi, hatujui nani amepanda. Akacheka, akasema nina kichwa kigumu, na kweli ninacho. Tukawapelekea akina mama wa sokoni waijaribu, na mmoja akaibusu simu. Mabishano yakaishia hapo.

Sasa, dada yangu mdogo alikuwa nchi za Ghuba, mfanyakazi wa nyumbani. Mama humwita Maitu, yaani mama yangu kwa Kikuyu, kwa sababu alipewa jina la nyanya yetu mzaa mama. Mwajiri wake alikuwa amemshikia pasipoti, na kuipata ilikuwa vita. "Nikikosa hii ndege," aliniambia kwa simu, "huyu mama atanirudisha kwake, na sijui kama nitatoka tena." Maneno hayo sikumwambia mama yetu.

Asubuhi ya safari dada aliniandikia kwamba yuko kwenye foleni ya uhamiaji. Nikamjibu aniambie akishaketi kwenye kiti cha ndege. Ujumbe wangu ukabaki na tiki moja, yaani haujamfikia.

Nilipofika nyumbani Mugutha nilimkuta mama ameketi mlangoni na simu yake. Alikuwa ameiweka ile app mwenyewe, akijivunia kazi ya mtoto wake, na uso wa dada ulikuwa unavuka bahari. Wanawake wa kanisa walikuwa uani wakimenya viazi vya kupondea mukimo. Kuku walikuwa washachinjwa.

"Kuja umwone Maitu," mama akaniambia. "Anakuja akitabasamu."

Alikuwa akitabasamu kwa sababu picha ile nilimpiga mwenyewe kwenye harusi ya binamu yetu, kabla hajawahi kupanda ndege yoyote. Niliangalia simu yangu. Tiki moja.

Juu ya Ethiopia uso ukasimama, ukawa wa kijivu. Tuliuweka hivyo makusudi, mawimbi ya redio ya ndege yakipotea picha ififie. Mama akainuka, akanisogezea simu. "Mbona amekuwa hivi?"

"Ni mawimbi tu, mama. Yatarudi."

Yakarudi, na rangi ikarudi usoni mwa dada. Mama akashukuru Mungu kwa sauti. Nikaona nikikaa kimya zaidi nitapasuka. "Mama, hiyo inaonyesha ndege. Haimwonyeshi yeye."

"Na huyu ni nani?" Akagonga kioo kwa kidole.

"Ni picha."

"Wewe ndiye uliyeitengeneza, halafu wewe ndiye unaniambia inadanganya?" Wanawake wakaniangalia kama mtu aliyekuja kuharibu sherehe. Nilienda nyuma ya nyumba nikampigia dada. Simu haikupatikana. Nikapiga tena, na tena, nikimlaani mkubwa wangu kimoyomoyo, na duka la vipuri lililo chini yake, na yule mama aliyeibusu simu.

Ndege ilipotua nilijua kwa vigelegele. Duara la kijani lilikuwa limezunguka uso wa dada, na chini yake yale maandishi ambayo mkubwa wetu aliyachagua mwenyewe: Mpendwa wako amefika. App ikaomba ipewe nyota za kuisifu. Mama akazigusa zote, mpaka ya mwisho.

Mjomba ndiye aliyekuwa uwanja wa ndege kumpokea. Tulikaa tukingoja. Chakula kikafunikwa, kikafunuliwa, kikafunikwa tena. Mjomba aliponipigia, alizungumza polepole.

"Watu wamekwisha kutoka. Nimeuliza kaunta. Jina lake lipo, lakini hakupanda. Wanasema alirudishwa kule kule, uhamiaji."

"Alirudishwa kwa nani?"

"Hawajui. Kuna mama alikuja na polisi, akasema ni mfanyakazi wake ametoroka."

Mama alikuwa amesimama mbele yangu. Alinipokonya simu. Mjomba akarudia yote, nami nikamwangalia mama akisikiliza mpaka mwisho bila kupepesa macho.

"Rudi ndani umtafute vizuri," akamwambia. "Mimi namwona. Yuko hapo hapo uwanjani."

Mjomba akajaribu kusema. "Namwona," mama akasema tena, akainua simu yake mwenyewe kana kwamba mjomba angeweza kuiona kutoka kule.

Niliichukua ile simu yake taratibu. Hakukataa, nafikiri alidhani nakwenda kumwonyesha dada kwa ukaribu zaidi. Nikabonyeza uso, nikashikilia, nikafuta. Ikabaki ndege ndogo nyeupe, imesimama kwenye ramani, haina mtu.

Mama aliiangalia. Kisha akaketi chini, pale pale kwenye maganda ya viazi, akaanza kumwita mama yake, "Maitu, Maitu."