Baba Mkwe Alipotoka Barazani

Iko siku moja haijanitoka akilini, mwanangu. Nilikuwa msichana bado, nimeolewa kutoka Bungoma kuja hapa Kitale hata miaka miwili haijaisha, na ukuta wa kile kiwanda cha kuyeyusha vyuma ulikuwa nyuma ya jiko letu. Moshi wake ulitushukia kila jioni. Mahindi tuliyoanika kwenye turubai tuliyazoa yakiwa ya kijivu. Hayo tuliyaosha. Kilichonishinda ni kifua cha binti yangu, Nekesa, aliyekohoa mpaka akatapika maziwa.

Chifu akaita baraza, maana kiwanda kilitaka kuongeza tanuri. Nilikwenda na mtoto mgongoni. Sasa, kwetu mke wa kijana hasimami kuhutubia watu baba mkwe wake akiwa pale. Ni heshima, hata salamu tulipeana kwa mbali. Yeye alikaa mbele na wazee, mimi nikajibanza nyuma, mtoto akikohoa mgongoni.

Mzee yule, mkali ajabu, aliinuka akachukua kofia yake. "Chifu, mimi naenda. Bibi ya kijana yangu ako na neno, na nikiwa hapa hawezi kusema." Akatoka bila kunitazama.

Nikasimama. "Huyu mtoto halali usiku. Na si yeye peke yake. Mama Simiyu, si wako pia anakohoa?"

Mama Simiyu, jirani yangu ambaye jana yake nililia naye jikoni, akaangalia chini. Mumewe alikuwa akingoja kazi pale kiwandani. Chifu akasema anayelalamika ni mtu mmoja tu, na tanuri likajengwa.

Nekesa nilimpeleka kwa mama yangu kijijini. Akapona, akakulia huko. Siku hizi akija hukaa ukingoni mwa kiti kama mgeni, na chai haimalizi. Inaniuma. Tangu mume wangu afariki, nyumba hii imekuwa kubwa mno kwangu.

Mama Simiyu simlaumu sana, naye alikuwa na watoto wa kulisha. Ila nakuomba, mwanangu: ukimwona mtu amesimama kusema jambo linalokuumiza hata wewe, simama naye, hata kama huna la kuongeza. Siku ile ningetosheka na sauti moja ya kusema, "Ni kweli." Mungu akujalie kifua kizima, na watoto wako wakulie mikononi mwako.